Lishe kwenye dharura ngazi ya kanda: nani anaamua na nani anaomba tu

Ukame ukipiga nchi nne kwa mpigo, au vita ikilipuka nchi moja watu wakamwagikia kwa majirani, swali la kwanza linalokuja ni bosi ni nani? Yaani yule wa kusema chakula tiba hiki kitoke stoo hii kiende ile, wataalamu watano wahamie kule, na nyie wa huku acheni kupima watoto hivyo, pimeni hivi. Jibu ni kwamba hayupo na hajawahi kuwepo. Ngazi ya kanda, yaani nchi kadhaa jirani kwa pamoja, haina rungu, haiwezi kuiamrisha nchi yoyote, na ukishalielewa hilo mambo mengi yanayoonekana uzembe yanaanza kueleweka. Kusamehewa ni habari nyingine.

Tuanzie chini kidogo maana huku juu hakusomeki bila chini. Ndani ya nchi mwenye mamlaka ni serikali, mara nyingi wizara ya afya na kitengo chake cha lishe. Serikali ikizidiwa ndo inaletwa hii kitu inaitwa klasta, yaani mashirika yote ya sekta moja yanakaa meza moja chini ya kiongozi mmoja. Mfumo wa klasta ulizaliwa 2005 baada ya aibu ya Darfur kule Sudan, ambako mashirika yalikuwa mengi lakini kila mtu na lake, sehemu moja imejaa misaada na nyingine haina hata hema moja, ukaanza kujaribiwa kwenye tetemeko la Pakistani mwezi Oktoba mwaka huohuo. Kila sekta ikapewa shirika la kuongoza na lishe wakapewa UNICEF, shirika la UN la watoto. Kuongoza kwenyewe ni kuitisha mitingi, kuchora nani yuko wapi anafanya nini, kutafuta mapengo, na pengo likikosa mtu kabisa basi kiongozi anatakiwa alizibe mwenyewe, kama ana hela na kama njia inapitika.

Halafu kuna mgawanyo wa kazi ambao ukiusikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni utani. Mtoto mwenye utapiamlo mkali wa ghafla kimsingi ni wa UNICEF, wa wastani ni wa WFP, shirika la UN la chakula, yule mwenye utapiamlo mkali pamoja na homa kali au hataki kula inabidi alazwe, na hapo WHO, wale wa afya duniani, ndo wenye miongozo ya wodi, na akiwa mkimbizi UNHCR, shirika la wakimbizi, wanashika usukani. Mtoto ni huyohuyo! Leo mzunguko wa mkono wake wa juu unasoma milimita 118 ni wa wastani, wiki mbili mbele unasoma 113 ni mkali, mama akivuka naye mpaka anakuwa mkimbizi, na kila hatua kuna shirika jingine, fomu nyingine, stoo nyingine na mfadhili mwingine. Kwenye nchi moja tu hilo linachosha, sasa lizidishe mara nne.

Hapo ndo kanda inapoingia, kwa sababu mvua ikikosekana haikosekani kwa kufuata ramani ya wizara. Wafugaji wanafuata malisho, bei ya nafaka soko la nchi hii inapandishwa na mavuno mabovu ya nchi ile, kipindupindu kinasafiri na watu, na bandari moja inaweza kulisha nchi tatu ambazo hazina bahari. Lakini huku kwenye kanda hakuna klasta rasmi. Kuna vikundi kazi, ofisi za kanda za UNICEF, WFP na OCHA (ofisi ya UN ya kuratibu misaada), na jumuiya za nchi zenyewe. Pembe ya Afrika kuna kikundi kazi cha chakula na lishe kinaitwa FSNWG ambacho FAO (shirika la UN la chakula na kilimo) na IGAD (jumuiya ya nchi za huko) wanakiongoza pamoja. Asia ya Kusini Mashariki kuna kituo cha AHA kule Jakarta, kilianzishwa 2011, kinaratibu maafa ya nchi za ASEAN, jumuiya ya huko. Afrika Magharibi na Sahel wana CILSS, kamati ya nchi zao ya kupambana na ukame, iliyoundwa 1973 baada ya ukame mkubwa wa Sahel.

Hao wa Sahel mi nawaona wamefika mbali kuliko wengi. Wana utaratibu unaitwa Cadre Harmonisé, ambapo kila nchi inachambua hali yake ya chakula na lishe kwa mbinu ileile na kwa majira yaleyale, raundi moja baada ya mavuno na nyingine kabla ya msimu wa njaa kuanza, alafu wanakutana pamoja na kukaguana kabla namba hazijatoka. Uamuzi wa nini kifanyike bado ni wa kila nchi, ila jirani yako amekaa pale anaiona hesabu yako na anaweza kuuliza hii asilimia umeitoa wapi. Nguvu ya kanda yote imekaa kwenye swali hilo. Wakishindwa kuamrisha angalau wanaweza kuulizana mbele ya watu.

Na kuulizana kunahitajika kweli maana namba za lishe zina mitego mingi kuliko watu wanavyodhani. Chukua kupima tu. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 anahesabiwa ana utapiamlo mkali kama mzunguko wa mkono wake wa juu uko chini ya milimita 115, au uzito wake ukilinganishwa na urefu uko chini ya alama -3 (hesabu ya kitaalamu ya mtoto amepungua kiasi gani kuliko kawaida), au miguu yote miwili imevimba maji. Ukisoma haraka unaona ni njia tatu za kufikia jibu lilelile, kumbe wapi. Mkanda wa mkono unakamata zaidi watoto wadogo wadogo, kipimo cha uzito kwa urefu kinakamata wengine, na kuna jamii, hasa za wafugaji warefu wenye miguu mirefu, ambako kipimo cha uzito kwa urefu kinatoa asilimia kubwa kuliko mkanda unavyotoa kwenye kijiji hichohicho. Sasa nchi A imeleta takwimu za mkanda zilizokusanywa na wahudumu wa jamii nyumba kwa nyumba, nchi B imeleta utafiti wa sampuli wa uzito kwa urefu, nchi C imeleta utafiti mzuri tu lakini wa miezi minane iliyopita kabla msimu haujageuka, mtu wa kanda anazipaka rangi zote kwenye ramani moja, nyekundu hapa, chungwa pale, mfadhili anaiangalia anasema aha C wako salama. Ramani imependeza na imedanganya.

Mtego wa pili ni asilimia dhidi ya vichwa. Kwenye utapiamlo wa ghafla kwa ujumla, mkali na wa wastani pamoja, asilimia 15 kwenda juu huhesabiwa ni hali mbaya sana, kwa hiyo macho yote yanakimbilia kule kwenye 18 au 22. Ila wilaya yenye asilimia 20 na watoto elfu kumi ina watoto 2,000, na wilaya ya jirani ng'ambo ya mpaka yenye asilimia 8 na watoto laki mbili ina 16,000. Nani anapata magari? Hakuna jibu moja, kwenye asilimia 20 jamii nzima inaporomoka na vifo vinaweza kupaa haraka, kwenye 8 kuna watoto wengi zaidi wanaohitaji matibabu leo. Kikundi cha kanda kinatakiwa kuweka namba zote mbili mezani, na nasema kwa uwazi kwamba slaidi nyingi zinaonyesha moja tu, ile inayotisha.

Mtego wa tatu wengi hata hawaujui na ndo unaoamua nani apate nini. Utafiti unapiga picha ya siku moja, lakini watoto wanaendelea kuugua mwaka mzima, hawa wanapona wale wanaingia, kwa hiyo ili ujue utatibu wangapi kwa mwaka lazima uzidishe. Kwa miaka mingi kanuni iliyotumika ni kuchukua waliopo na kuongeza mara 1.6 yao, kwa dhana kwamba mtoto asiyetibiwa anakaa na utapiamlo mkali kama miezi 7.5 hivi, 12 gawa kwa 7.5 unapata 1.6, ukijumlisha na wale wa siku ya kwanza unapata 2.6. Fanya hesabu, watoto 100,000, asilimia 2 wana utapiamlo mkali, ni 2,000 leo, zidisha 2.6 ni 5,200 kwa mwaka, programu ikiweza kufikia nusu yao unaomba dozi za watoto 2,600. Safi. Tatizo ni kwamba ile 1.6 ni makadirio tu, sehemu nyingine hali halisi ni kubwa zaidi ya hapo kwa mbali, na nchi zikaanza kutumia namba zao kulingana na zilichokiona kwenye vituo. Ni sahihi kisayansi, ila kwenye meza ya kanda nchi moja imezidisha kwa 2.6 jirani kazidisha kwa 5, maombi yakilinganishwa huyu anaonekana ana shida mara mbili ya yule na pengine wanalingana. Kabla hamjagawana chochote ulizaneni mmezidisha kwa ngapi, swali la sekunde kumi linaloweza kuokoa ugomvi wa miezi.

Tuje kwenye chakula tiba chenyewe, kile cha pakiti, karanga na maziwa ya unga na mafuta na sukari na vitamini. Pakiti moja ni gramu 92 na inatoa kama kilokalori 500, katoni ina pakiti 150, na kwa makadirio ya kawaida mtoto mmoja anamaliza karibu katoni moja hadi apone. Hakiharibiki haraka, kinakaa kama miaka miwili bila friji, na hapo ndo kanda ina faida kubwa ya kweli: badala ya kila nchi kujaza stoo yake kwa hofu unaweka akiba ya pamoja sehemu chache, inayopiga kelele kwanza inatumiwa. WFP wanaendesha maghala ya namna hii ya misaada kwa ajili ya mashirika mengi sehemu kama Brindisi, Dubai, Accra na Panama, UNICEF wana ghala lao kubwa Copenhagen.

Lakini stoo kuwa karibu na mzigo kufika ni mambo mawili tofauti kabisa. Hichi kitu ni chakula au ni dawa? Unaweza kucheka, ila forodha hawacheki. Mwaka 2022 Codex, wale wa viwango vya chakula duniani, walipitisha mwongozo wake, mwaka 2023 WHO wakakiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa hiyo rasmi ni vyote viwili, na kila nchi inaamua mlango gani kitapitia. Ikiwa chakula unapita kwa mamlaka ya chakula na ushuru wake, ikiwa dawa unapita kwa mamlaka ya dawa na usajili ambao unaweza kuchukua miezi. Kwa hiyo ikitokea nchi A ina katoni 8,000 zinazokaribia kuisha muda na nchi B ng'ambo ya mto imekaukiwa, kichwani ni rahisi, ikopeshe. Kwenye karatasi unahitaji msamaha wa kodi pande zote mbili, cheti cha ubora wa kila toleo, lebo kwa lugha inayokubalika kule, ruhusa ya mfadhili aliyenunua (maana alinunua kwa ajili ya nchi A tu na mkataba unasema hivyo), na mtu wa kusaini kwamba italipwa. Ukianza kuyatafuta haya siku ile stoo imekauka umechelewa. Kikundi cha kanda kilicho makini kinayamaliza wakati hakuna dharura, kinakuwa na makubaliano ya mkopo yaliyosainiwa kabisa yanasubiri tarehe tu. Ni kazi ya kuchosha, haina picha nzuri ya kuposti, na binafsi naona ina thamani kuliko makongamano kumi.

Watu wa kuazimana nao ni hivyohivyo, viza na vibali vya kazi, sitaingia ndani sana.

Pesa sasa. Mfumo mzima wa pesa za dharura umejengwa kwa nchi. Kila nchi ina mpango wake wa mwaka na ombi lake, mfuko wa dharura wa UN unaoitwa CERF ulioanza 2006 nao unatoa fedha kwa nchi moja moja kwa sehemu kubwa, wafadhili wana bajeti za nchi. Kuna maeneo machache ambako kanda inaomba kama kanda, hasa wakimbizi, mfano mpango wa pamoja wa nchi zilizopokea Wasyria ambao tangu 2015 uliunganisha Uturuki, Lebanoni, Jordani, Iraki na Misri. Afrika kuna ARC iliyoundwa 2012 chini ya Umoja wa Afrika, ambako nchi zinakata bima ya ukame pamoja, satelaiti ikionyesha mvua imefeli kiasi fulani malipo yanatoka. Ni wazo zuri japo bima inalipa kwa kilichokuwa kwenye modeli, na modeli ikiona kijani wakati shamba limekauka mtalumbana sana. Kwa kazi za uratibu zenyewe, ule mshahara wa mtu anayekaa kulinganisha namba za nchi sita, pesa huwa ni za kuokoteza. Mfadhili anataka kusema nimetibu watoto kadhaa, na huyu wa kanda hajatibu mtoto yeyote, kazuia tu makosa ambayo hayakutokea, sasa utayahesabuje? Ndo maana bajeti ikikatwa hizi nafasi huwa za mwanzo kuondoka. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje hata FEWS NET, mfumo wa tahadhari ya njaa uliokuwepo tangu 1985, ulizimwa, na ingawa ulirudi baadaye kuna miezi wachambuzi wa kanda nzima walikuwa wanaendesha usiku bila taa.

Tuongelee siasa, maana bila hiyo mengine yote ni nusu. Kuna neno moja linaloogopwa na serikali nalo ni baa la njaa, kwa maana ya kitaalamu. Kipimo kinachotumika kinaitwa IPC, kilianzia Somalia 2004, kina ngazi tano, na ile ya tano inahitaji mambo matatu: angalau asilimia 20 ya kaya zina uhaba wa chakula uliopindukia, angalau asilimia 30 ya watoto wana utapiamlo wa ghafla kwa kipimo cha uzito kwa urefu, na vifo angalau 2 kwa kila watu 10,000 kwa siku. Ona vizuri hapo, kipimo kimojawapo ni vifo. Ukisubiri tangazo umesubiri watu wafe.

Somalia 2011 ndo mfano ambao kila mtu kwenye kazi hii anaujua. Tahadhari zilianza kutolewa 2010, mvua za mwisho wa mwaka zikafeli kama ilivyotabiriwa, na UN ikatangaza baa la njaa tarehe 20 Julai 2011 kwa sehemu za Bakool kusini na Shabelle ya Chini. Utafiti uliotoka 2013 ulikadiria watu kama 258,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, zaidi ya nusu yao watoto chini ya miaka mitano, na wengi walikuwa wameshakufa au wanakufa wakati tangazo linasomwa. Ukame ulikuwa wa nchi tatu, Somalia, Ethiopia na Kenya, lakini vita, vikwazo vya mashirika kufika na sheria za wafadhili za kupambana na ugaidi viliibana Somalia peke yake, wakati watu maelfu kwa maelfu wanatembea kwenda kambi za Dadaab nchini Kenya na Dollo Ado nchini Ethiopia. Mwaka 2022 mvua zilifeli tena misimu mfululizo, safari hii misaada ilipanda mapema kuliko 2011, baa la njaa halikutangazwa, ila makadirio yakaja kuonyesha vifo vya ziada kama 43,000 Somalia mwaka huo mmoja, nusu watoto wadogo. Bila tangazo hata moja.

Hapo kanda ina kazi ambayo nchi haiwezi kuifanya: kusema. Mkuu wa ofisi ya shirika ndani ya nchi anaweza kufukuzwa kwa saa 48 akitoa namba ambayo serikali haitaki, na wafanyakazi wake wazawa wanabaki kubeba matokeo. Ofisi ya kanda iko nje kidogo, inaweza kutoa taarifa ya pamoja ya nchi tano bila kumnyooshea mmoja kidole, ikaziweka namba zake katikati ya za wenzake. Wengine wanaona ni woga. Mimi naona ni njia inayofanya kazi, mradi namba yenyewe iwepo na isilainishwe, na kulainisha nako kupo sana, "hali ya wasiwasi" pahali palipotakiwa pasemwe watoto wanakufa.

Kuna kitu kimoja ambacho kanda ikikifanya siku ya kwanza kinalipa, taarifa ya pamoja kuhusu maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Kila dharura kubwa ikitokea kuna watu wema wanatuma makontena, maji ni machafu, chupa hazichemshwi, mama aliyekuwa ananyonyesha anaacha, mtoto anaharisha. Kanuni za dunia za kudhibiti uuzaji wa hayo maziwa zipo tangu 1981 na mwongozo wa dharura unasema wazi misaada ya namna hiyo isiombwe wala isipokelewe, watoto wachache wanaohitaji kweli wanunuliwe maziwa na wafuatiliwe mmoja mmoja. Ila nchi moja ikikataa kontena na jirani akapokea, kontena litazunguka tu. Ndo maana inabidi wakatae wote kwa pamoja.

Namalizia na mpaka wenyewe, ambako haya yote yanakutana kwenye mwili wa mtoto mmoja. Mtoto yuko wiki ya tatu ya matibabu, familia inahama na mifugo au inakimbia risasi, inaingia nchi ya pili. Kituo cha kwanza kinamwandika mtoro, kwa viwango vya kimataifa vya misaada viitwavyo Sphere watoro wakifika asilimia 15 programu inahesabika mbovu, wakati kosa lao hapo halipo. Kituo cha pili kinampima, mkono umefika 119, kwa taratibu za pale huyo ni wa wastani na programu ya wastani imeisha stoki, mama anarudishwa mikono mitupu na mtoto ambaye alikuwa bado hajapona. Kule kituo cha kwanza angeendelea na pakiti zake hadi afike 125 na akae hapo vipimo viwili mfululizo. Kinachotakiwa ni vitu vidogo: kadi ya rufaa moja inayosomeka pande zote, kigezo cha kuruhusu mtoto kinachofanana, pakiti za wiki mbili za safari, na wauguzi wa vituo viwili vya mpakani kuwa na namba za simu za wenzao. Hiyo ya mwisho haihitaji hata mfadhili. Sehemu nyingi wauguzi wenyewe walishaianza zamani, wana grupu lao la WhatsApp, wanatumiana picha za kadi usiku, na kikundi cha kanda bado kinajadili rasimu ya tatu ya fomu.